Sura ya Tano: Kulima Juu ya Matumbawe

Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukichimba uani katika nyumba ya Mji wa Kale, sululu haikawii kugonga jiwe jeupe lenye matundu, jiwe lile lile lililojengewa kuta za nyumba. Juu yake pana udongo kidogo uliochanganyika na vigae, makombe na chokaa iliyobomoka. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi kwenye matundu hayo na kwenda kukaa juu ya maji ya bahari yaliyojiingiza chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo huelea. Lakini tabaka lake ni jembamba, na kila ndoo inayotekwa kisimani huyavuta ya chini yapande.

Waliokaa katika ngome ya Mji wa Kale tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593 walilijua hilo. Ndani ya ngome mna kisima kirefu kilichowatolea maji ya chumvi, ya kufulia na kuoshea, na mna birika lililojengwa kukinga mvua kwa ajili ya kunywa. Vyote viwili vipo mpaka leo na wageni huonyeshwa. Mtu wa mitaa ya Kibokoni au Kuze anayetaka kuanza bustani angefanya vyema kwenda kusimama pale kwanza, kabla hajanunua hata pakiti moja ya mbegu.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wa mji huu wamejilaumu bure. Muulize mama mwenye nyungu tupu kwenye roshani yake kwa nini hapandi tena, atakwambia hana mkono. Nyanya yake alikuwa na mkono, akichomeka kijiti chochote kinashika. Shangazi yake anao. Yeye alipanda midimu ikakauka, akapanda dania ikageuka manjano, akaacha. Muulize alikuwa akimwagia maji gani. Ya kisima, atasema, maana ya mfereji hayana uhakika, na ya mkokoteni ni ya kununua mtungi kwa mtungi. Nani atamwagia maua maji aliyoyalipia? Basi hapo jambo limekwisha kueleweka. Mikono mingi iliyoitwa mizito katika kisiwa hiki haina kosa lolote. Kosa ni la chumvi.

Chumvi huandika kwenye jani kabla haijaua mti, na maandishi yake yanasomeka. Huanza na majani ya chini, yaliyokomaa. Ncha hukauka na kuwa rangi ya kahawia, kisha ukavu hutambaa ukingoni ukielekea ndani, huku katikati ya jani pakibaki kijani. Mwenye mti akiona hivyo hudhani ni kiu, na anaongeza maji yale yale. Udongo wa nyungu una kiasi chake, maji yanapanda hewani kwa joto la mchana lakini chumvi haipandi nayo. Inabaki, na kesho inaongezwa nyingine. Baada ya miezi utaiona kwa macho, ukoko mweupe kwenye mdomo wa nyungu na juu ya udongo. Mizizi iliyozungukwa na chumvi haiwezi kunywa hata nyungu ikiwa imelowa. Mti unakufa kwa kiu ndani ya maji.

Dawa yake ni maji matamu mengi kwa mara moja. Mimina mpaka yatoke kwenye tundu la chini, subiri yashuke, mimina tena, na mara ya tatu. Hapo chumvi inayeyuka na kutoka. Kumwagia kikombe kimoja kila jioni, jambo linaloonekana kuwa ndiyo huruma, ndiko kunakoikusanya. Na nyungu isiyo na tundu chini, hata iwe nzuri namna gani, kisiwani haifai kupandiwa chochote.

Maji matamu hayo yatoke wapi? Hili ndilo swali lenyewe la bustani ya Mombasa, na nitakaa nalo kidogo. Bomba kubwa linaloleta maji ya chemchemi za Mzima, kutoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200, lilijengwa katika miaka ya 1950, na mji umeongezeka mara nyingi tangu hapo. Mfereji ukitoka, yanajazwa mapipa ya kunywa na kupikia, na ni haki. Kwa hivyo mwenye bustani mwerevu huangalia yale ambayo nyumba yake inayamwaga.

Kwanza ni maji ya wudhu. Nyumba yenye watu watano wanaotawadha nyumbani hutoa maji ya kutosha kila siku, na hayana sabuni. Beseni chini ya bomba linatosha kuyakinga. Maji ya kuoshea mchele na ya kukoshea mboga ni hivyo hivyo. Ya kuoshea vyombo yenye sabuni na mafuta yaachwe yaende zake. Pili ni matone ya kiyoyozi. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na kiyoyozi kinapoipoza unyevu huo hugeuka maji na kudondoka nje kwenye kichochoro, juu ya vichwa vya wapita njia. Maji hayo hayana chumvi hata chembe. Si ya kunywa, lakini kwa kuoshea chumvi ya nyungu hayana mfano, na jirani mwenye kiyoyozi hufurahi ukimwondolea kero ya ukuta unaolowa.

Tatu, na kubwa kuliko zote, ni mvua. Mombasa hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mwezi wa Mei peke yake mara nyingi hupita 200. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la mabati la mita za mraba 50, si kubwa kwa nyumba za mtaani: kwa mwaka linapokea lita 50,000. Hata ukipoteza sehemu moja kwa tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 40,000, ambazo ni mitungi 2,000 ya mkokoteni. Sehemu kubwa ya maji hayo leo hupita vichochoroni na kuingia baharini. Hakuna nyumba ya kawaida yenye pa kuyaweka yote, najua. Lakini pipa moja la lita 200 chini ya mlizamu hujaa kwa mvua moja nzuri, na kwa nyungu ishirini pipa hilo linaweza kuvusha wiki nzima ya jua. Lifunikwe kwa wavu au kitambaa kizito, mbu wa dengi asije akataga humo.

Asiye na njia ila kisima achague mimea inayovumilia. Maharage, karoti, vitunguu na jamii yote ya ndimu huichukia chumvi mapema kabisa. Mchicha, spinachi na biringani huistahimili kwa kiasi. Mkomamanga, mkunazi, mtende na mnazi ni wenyeji wa hali hii. Anayepanda mkomamanga uani na kuutilia maji ya kisima ana haki ya kutarajia makomamanga. Anayepanda mdimu papo hapo amejitafutia huzuni.

Baada ya chumvi inakuja chokaa, na hapa ushauri wa bara huwapotosha watu. Vitabu vingi vya kilimo cha Kenya vimeandikwa kwa udongo wa milimani, wenye uchachu, na vinaelekeza kuongeza chokaa au majivu ya jikoni. Udongo wetu ni chokaa tayari. Ukiutilia majivu na maganda ya mayai unauzidishia ugonjwa. Dalili yake ni tofauti na ya chumvi: majani machanga, ya juu, hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani iliyochorwa kwa wino. Chuma kimo udongoni, lakini penye chokaa nyingi hakiyeyuki, na mzizi haunywi kisichoyeyuka. Ukarimu wa mbolea ya dukani hautibu hilo. Kinachotibu ni vitu vinavyooza, na vingi vyake vimo jikoni mwetu: machicha ya nazi, majani ya chai, masalio ya kahawa, maganda ya ndizi na maembe. Machicha ya nazi yasitiwe mabichi juu ya nyungu, yataita panya na sisimizi. Yachanganywe na majani makavu kwenye debe lenye matundu na kifuniko, yageuzwe, mpaka yawe meusi na harufu yake iwe ya udongo. Makumbi nayo ni mazuri mno kwa kushika unyevu, ila yale yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi, yaoshwe kwanza.

Anayedhani mwamba wa matumbawe haushindiki aende Bamburi, upande wa pili wa daraja la Nyali. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba matumbawe mpaka karibu na maji ya chini, kikaacha uwanja mtupu, mweupe, wenye joto na maji yaliyochanganyika na chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda pale. Alijaribu aina 26 za miti, zikasimama tatu tu, na iliyomfaa zaidi ikawa mivinje, yenye mizizi inayoshirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Mivinje ikakua, lakini majani yake membamba yaliyodondoka yalikataa kuoza, yakarundikana juu ya jiwe. Akaleta majongoo. Majongoo wakala majani yale, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza wa mahali pale. Leo ni msitu, unaitwa Haller Park, na watoto wa shule hupelekwa kutazama twiga na viboko. Ningependa waonyeshwe pia majongoo.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni zile aina 23 zilizokufa. Hakuna aliyesema Haller hana mkono. Alizihesabu, akaziacha, akaendelea na zilizoshika. Mama wa Kibokoni ambaye midimu yake imekauka na rehani yake imesitawi ana matokeo ya aina hiyo hiyo mikononi mwake, na anastahili kuyasoma kwa heshima hiyo hiyo.

Kalenda nayo ina neno lake. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, ni joto, jua kali na mvua haba. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Masika huingia Aprili pamoja na kusi, na baridi yetu ndogo hufuata Juni mpaka Agosti. Watu wengi huanza bustani Januari, kwa kuwa ni mwaka mpya na nia ni mpya, na huo ndio mwezi mgumu kuliko yote. Tungule hasa huwatia watu uchungu. Mmea unakua, unachanua vizuri, kisha maua yanapukutika moja moja bila tunda. Mtu humtafuta mdudu na hamwoni. Hakuna mdudu: usiku wa kaskazi ni wa joto mno, chavua ya tungule haifanyi kazi yake, na ua lisilochavuka linaanguka. Mbegu ikipandwa Aprili au mwanzo wa Mei, maua huangukia miezi ya kusi, usiku ukiwa na nafuu, na matunda hushika. Tungule ndogo za kienyeji huvumilia zaidi kuliko zile kubwa za dukani, na hazihitaji kubembelezwa.

Mchicha hauna masharti hayo, ndiyo maana nauheshimu. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, sawa na ilivyofanya Eastleigh kule Nairobi, na masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Ilikuwa Ramadhani, na ilikuwa masika. Marufuku yale yaliendelea mpaka Juni. Mbegu ya mchicha iliyomwagwa siku ile ya kwanza kwenye besheni pana, kwa mvua ile, ilikuwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, kabla njia hazijafunguliwa. Unachuma majani ya juu, shina linachipua pembeni, unachuma tena. Huwezi kulisha nyumba kwa besheni moja, wala sitadai hivyo. Lakini bakuli la mchicha wa nazi mezani wakati mlango wa mtaa umefungwa ni jambo ambalo aliyelipata hatalisahau, na kwa maoni yangu kila nyumba yenye dari tambarare ingekuwa na besheni kama hilo wakati wote, bila kungoja balaa.

Adui wa miche ni kunguru. Huyu wa kwetu asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea mwambao, na Mombasa alionekana katika miaka ya 1940. Anakuja alfajiri, anang'oa mche mmoja mmoja, anautazama na kuuacha hapo hapo. Wazee hutukumbusha kwamba alichokula ndege katika mti wa mtu ni sadaka yake, na mti ukishazaa ndege na ale. Lakini mche wa siku tano lazima ulindwe. Kipande cha wavu wa samaki uliochakaa, kilichotandazwa juu ya vijiti, kinatosha, na kwa wavuvi wa bandari ya Mji wa Kale hakikosekani. Wavu huo huo humzuia paka, ambaye kwake udongo laini wa nyungu una matumizi mengine.

Mipapai imepata pigo kubwa zaidi. Mwaka 2016 ilithibitishwa kwamba Pwani ya Kenya imeingiliwa na kidung'ata wa mpapai, mdudu wa asili ya Mexico anayejifunika nta nyeupe kama unga. Hufyonza maji ya mti, majani yanajikunja, tunda linavikwa weupe, na mpapai uliokuwa ukilisha nyumba nzima hufa umesimama. Watu walikimbilia sumu, na sumu haikufaa, kwa kuwa nta humkinga mdudu huku nyigu wadogo wanaomla wakifa. Wataalamu waliamua kuleta nyigu wake hasa, Acerophagus papayae, kutoka Ghana, anayetaga ndani ya kidung'ata na kummaliza kwa ndani. Nyumbani, kidung'ata akiwa bado mchache, apigwe kwa maji ya nguvu na sabuni kidogo, na sisimizi wanaompandisha mtini wazuiwe kwa kupaka shina grisi juu ya kitambaa. Maji ya mwarobaini husaidia kwa wadudu wengi laini: mbegu zilizopondwa hulowekwa usiku kucha, yakachujwa, yakanyunyizwa jioni. Jioni, kwa sababu jua huiua dawa hiyo upesi.

Sasa niseme juu ya maua, kwa kuwa bustani ya Mswahili haijawahi kuwa ya mboga peke yake. Mji wa Kale una vivuli vingi. Nyumba ni ndefu, vichochoro ni vyembamba, na uani jua huingia saa chache tu. Tungule na pilipili hazitaki hivyo, lakini tambuu hufurahi, nanaa hufurahi, na rehani ikipata jua la asubuhi inatosha. Asmini ndiyo malkia, nayo hutaka jua zaidi, basi ipelekwe darini au roshani ya mashariki. Vikonyo vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vifumbuke usiku kichwani au kwenye mto wa kulalia. Pamoja na rehani, mkadi na vilua hufungwa kikuba, na hakuna harusi ya kwetu inayokamilika bila harufu hiyo. Mkilua wenyewe ni mti wa mwambao wetu wa Kenya na Tanzania, unaopenda kivuli na hauna haraka. Alipouandika kwa kanuni za sayansi mwaka 1970, Bernard Verdcourt aliuita Mkilua fragrans. Anayeupanda leo anawapandia binti zake.

Watu hulalamika kwamba asmini yao ni majani matupu. Mara nyingi imepewa samadi nyingi na kisu kidogo. Maua ya asmini hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hivyo ipogolewe bila huruma, robo au theluthi ya urefu wake, kila wimbi la maua linapokwisha. Nimewaona kina mama wakiogopa kuikata kwa sababu ilipandwa na marehemu. Kuikata ndiko kuitunza.

Nyumba nayo ina haki yake. Dari za kale zimebebwa na boriti za mikoko, na lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa la lita 200 lililojaa lina uzito wa watu watatu wakubwa, na nyungu zilizolowa haziko mbali nalo. Vizito viwekwe karibu na kuta, si katikati ya dari, lakini visigusane na ukuta wenyewe, kwa sababu unyevu hula lipu ya chokaa. Na mche wowote wa mkuyu unaochipua ufani, ulioachwa na ndege, ung'olewe siku ile ile. Mizizi yake imepasua kuta nyingi za mji huu.

Wengi wa wanaopanda hapa ni wapangaji. Nyumba huuzwa, kodi hupanda, familia huhama kwenda Kisauni au Likoni. Ndiyo maana napendelea mikebe, ndoo za rangi na besheni kuliko kitalu cha kujengea: hupandishwa kwenye mkokoteni pamoja na vitanda. Asmini kubwa haihamishiki kwa urahisi, lakini tawi lake linahamishika. Wakati wa masika kata kijiti cha urefu wa shibiri, kisichokuwa kichanga wala kigumu kama kuni, chini kidogo ya fundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili juu. Kichomeke nusu yake kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji. Wa pwani usitumie. Kiweke kivulini, kimwagiwe maji ya mvua, na kisivutwevutwe kuangaliwa. Kati ya wiki nne na sita kikitoa jani jipya kimeshika, na hapo kinaweza kutiwa kwenye mkebe wake. Chomeka vitatu, kwa kuwa kimoja huenda kikafa, na cha pili mpe jirani.